Nilizima sauti, machozi yakakauka: ni muziki unaotuliza kwenye filamu, au ni hadithi?

#1 NyarDunga
Habari za jioni, wadau. Jana usiku nilikuwa natazama filamu hapa nyumbani Kisumu. Mtoto alikuwa na homa na ndio kwanza amepata usingizi, basi nikapunguza sauti, mwishowe nikaizima kabisa. Ni filamu niliyoitazama mara tatu, na mara zote tatu nimelia pale baba anaporudi nyumbani baada ya miaka mingi na kusimama mlangoni. Safari hii sikulia. Niliona mwanamume amesimama mlangoni, basi. Nikaona hata vitu ambavyo sikuwahi kuviona: kitasa kimelegea, kifungo kimoja cha shati lake kina rangi tofauti na vingine. Anapepesa macho mara mbili, anatazama chini, kisha anainua uso. Labda ni sekunde 20.

Nilipomlaza mtoto nikarudisha kipande kile nyuma, nikavaa visikizi. Kinanda kikaanza polepole, noti moja moja, na kabla baba hajainua uso macho yangu yalikuwa yamejaa.

Sasa nimebaki na swali. Miaka yote hii nimekuwa nikimsifu yule mwigizaji. Je, ni yeye aliyeniliza, au ni mpiga kinanda ambaye hata jina lake silijui? Na kama ni kinanda, si ni kama nimedanganywa? Mimi nasema ni muziki. Nipingeni.

#2 Mzee_wa_Freearea
Kichwa cha uzi kimenileta mbio. Nilidhani unauliza kama muziki unatuliza, yaani unapoza moyo, nije kusema ndiyo. Kumbe ni kuliza!

#3 Mwalimu_Khayega
Mulembe nyote. Mzee, hujakosea sana. Ukilikata neno, ku-tu-liza, unapata kilio. Ukiliacha zima, kutuliza, unapata utulivu. Nadhani muziki wa filamu hufanya yote mawili katika dakika ile ile, ndiyo maana mtu hulia kisha akajisikia mwepesi.

Nije kwa NyarDunga. Nafundisha Kiswahili, na kila mwaka tukifika kwenye ngano nauliza darasa: kwa nini kuna wimbo ndani ya hadithi? Wanafunzi hujibu kama walivyokariri. Kuburudisha, kushirikisha hadhira, kutenga tukio na tukio. Ni kweli, ila nyanya yangu hakukariri chochote. Alipotusimulia habari za linani, yaani zimwi, alikuwa na wimbo mfupi wa maneno manne. Mara ya kwanza aliuimba linani akiwa ng'ambo ya mto, kwa sauti ya chini. Mara ya pili linani alikuwa kwenye mahindi. Mara ya tatu hakusema kabisa linani yuko wapi. Aliimba tu, akasukuma kuni ndani ya moto, na sisi tukabanana. Hakuna aliyemwona linani usiku ule wala usiku mwingine. Tulichokuwa nacho ni ule wimbo.

Kwa hivyo sikubali kwamba muziki ni kitu kilichowekwa juu ya hadithi kama rangi juu ya ukuta. Kwetu ulikuwa ndani ya hadithi kabla ya stima kufika kijijini.

#4 Kijana_wa_Reli
Mwalimu, hiyo ni Jaws kabisa, ile filamu ya papa anayeshambulia watu! 1975, muziki wa John Williams, noti mbili tu zinarudiwa na papa haonekani. Ukizisikia unajua yuko chini ya miguu yako. Spielberg, mwongozaji, alikuwa na akili sana kumficha papa namna ile.

#5 Fundi_Kondele
Akili ilikuwepo, lakini balaa pia ilichangia. Papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara kwenye maji ya bahari, ikabidi wapige picha nyingi bila yeye. Muziki ukachukua kazi ya papa. Na tazameni tena pale watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia: zile noti mbili hazilii. Watu wanakimbia, maji yanaruka, na muziki umenyamaza kwa sababu papa hayupo. Dada NyarDunga, kwa hilo neno lako "nimedanganywa", mimi naona mtunzi pale alikataa kudanganya hata kidogo.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na mazishi hapa mjini. Niwape kisa. Mwaka jana nilihariri mazishi ya mzee mmoja upande wa Seme. Kama kawaida nikaweka kinanda cha huzuni nilichopakua kwenye intaneti. Binti yake akaja dukani, akatazama dakika tatu, akaniambia, "Zima. Huyu si baba yangu." Picha zilikuwa za baba yake, jeneza lake, boma lake. Alichokikataa ni kinanda.

Nikarudi kwenye sauti niliyoinasa usiku wa kesha. Kuna mzee alipiga nyatiti, ala yetu Wajaluo ya nyuzi, mpaka alfajiri. Nyuma yake unasikia mbwa, sufuria zinagongana, mtu anakohoa. Nikaiweka hivyo hivyo bila kuisafisha. Mara ya kwanza nyatiti ilianza pamoja na picha ya jeneza likitolewa nyumbani, ikasikika kama tangazo la redio. Nikaisogeza mbele kidogo, haifiki hata sekunde moja, ianze baada ya yule binti kugeuza kichwa. Aligeuka kwanza, nyuzi zikafuata. Ikawa kana kwamba yeye ndiye aliyezisikia na sisi tunasikia kupitia kwake. Alipokuja tena alikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, akatazama yote dakika 40, hakusema neno. Akaomba flashi tatu, za ndugu zake.

Tangu siku hiyo nina imani moja: muziki ukitangulia uso unamsukuma mtazamaji, ukifuata uso unamsindikiza.

#6 NyarDunga
Fundi, ero kamano kwa kisa hicho. Lakini nimeenda kuangalia tena. Kwenye filamu yangu kinanda kinatangulia. Kinaanza baba akiwa bado anatazama chini. Kwa imani yako nimesukumwa, na bado sijutii kulia.

#7 Banda_la_Video
Naomba niwavuruge kidogo. Niliendesha banda la video Kaptembwa, Nakuru, kwa miaka mitano. Mabati, benchi sita, blanketi dirishani, runinga moja na spika mbili kubwa, shilingi 20 kuingia. Filamu zilizojaza banda ni zile zilizotafsiriwa na madijei wetu, za kina DJ Afro na wenzake. Mnajua zilivyo: dijei akianza kusema, sauti ya filamu inashushwa chini kabisa. Kinanda chenu, fidla zenu, vyote vinazama. Na watu walikuwa wanasimama juu ya benchi! Nimeona mwanamume mzima, dereva wa lori, anafuta macho stelingi, yaani mhusika mkuu, alipompoteza kaka yake, na muziki wa pale haukusikika hata punje.

Basi kama ni muziki unaoliza, wale watu walililia nini?

#8 Mpakani_Busia
Banda umenikumbusha mbali. Sisi huku mpakani tunapata pia za mavijei wa Uganda, kwa Kiluganda. Nusu ya maneno siyaelewi na nacheka pale pale wanapocheka wengine. Nadhani umejijibu mwenyewe bila kujua. Sikiliza dijei vizuri: akikaribia pigano anaharakisha, maneno yanagongana, anarudia jina la stelingi mara tatu. Akifika pa huzuni anavuta irabu, anashusha pumzi, ananyamaza kidogo. Hajaondoa muziki. Ameondoa okestra akajiweka yeye. Hayo ni mapigo, ni kiitikio, ni kila kitu.

#9 Mwalimu_Khayega
#8, mkono wangu huu hapa, ni nyanya yangu huyo na kuni zake.

#10 Banda_la_Video
Mpakani, hilo nalikubali nusu. Yule dereva wa lori alikuwa amefiwa na kaka yake mwezi huo huo. Nilikuja kujua baadaye. Huenda hakuhitaji dijei wala fidla.

#11 Msomaji_Egerton
Mada nzuri. Niongeze mambo mawili niliyosoma nikiwa chuoni.

La kwanza. Mwaka 1944 watafiti Heider na Simmel walitengeneza filamu fupi sana yenye pembetatu mbili na duara moja vinavyozunguka karibu na kijumba chenye mlango. Hakuna uso, hakuna macho, hakuna baba mlangoni. Hata hivyo watu walioitazama walisimulia hadithi: pembetatu kubwa ni mchokozi, duara linaogopa. Mwaka 1988 Marshall na Cohen wakachukua filamu hiyo hiyo wakaiwekea muziki wa namna mbili. Picha ni zile zile, lakini watazamaji waliyapa maumbo tabia tofauti kulingana na muziki walioupata. Kwa hiyo NyarDunga, muziki unaweza kumbadilisha hata pembetatu.

La pili linahusu kama huzuni ya muziki inafundishwa au tunazaliwa nayo. Fritz na wenzake mwaka 2009 walienda kwa Wamafa, kaskazini mwa Kamerun, watu waliokuwa hawajazoea muziki wa Ulaya. Wakawachezea vipande vya kinanda, na Wamafa wakaweza kutambua cha furaha, cha huzuni na cha kutisha vizuri kuliko kubahatisha. Kwa hiyo kuna kitu mwilini, hakitoki kwenye runinga peke yake.

#12 Jaduong_wa_Nyuzi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi hupiga nyatiti, nilifundishwa na baba mdogo. Msomaji, mwanangu, utafiti wako nauheshimu, lakini njoo matangani kwetu. Ukisikia ngoma na nyimbo za kumwaga vumbi, ukaona ng'ombe wanavyokimbizwa siku ya tero buru, desturi yetu ya mazishi, utadhani ni sherehe. Mgeni akipewa sauti ile bila picha atasema hawa wana furaha. Na wana uchungu hadi kwenye mifupa. Wanafukuza kifo bomani. Kwa hiyo mwili wa nani unaojua?

Nitoe mfano mmoja wa filamu, maana ndio uzi. The Constant Gardener, ya mwaka 2005, ilipigwa picha Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Ndani yake utasikia Kothbiro ya marehemu Ayub Ogada. Nimekutana na wazungu wawili, kwa nyakati tofauti, walioniambia wimbo ule ni wa maombolezo kwa sababu waliusikia kwenye filamu ya mwanamke aliyeuawa. Wakaniuliza unamlilia nani. Nikawaambia: koth biro, mvua inakuja. Warudisheni ng'ombe nyumbani. Ni sauti ya mtu aliyesimama nje ya boma akitazama wingu.

Mimi nikiusikia ndani ya filamu ile nasikia mtu anaitwa arudi nyumbani kabla ya mvua. Na ninalia, ndiyo, lakini silii kilio chao.

#13 Kijana_wa_Reli
Jaduong', heshima. Ogada aliutunga kwa ajili ya filamu hiyo? Na si alizaliwa hapa hapa Kisumu?

#14 Jaduong_wa_Nyuzi
Hapana kwa yote mawili. Wimbo ulikuwa tayari kwenye albamu yake ya 1993, filamu ikauchukua baadaye. Na alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Alifariki mwaka 2019, Nyahera, hapa Kisumu, kwa hiyo nyumbani alirudi. Ukitazama Out of Africa ya 1985 utamwona pia, akiigiza kwa jina la Job Seda.

Na kwa wasiojua ala yenyewe: nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, huvaa gara mguuni zinazolia kama njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma, oduong'o, anayogonga nayo ubao. Mtu mmoja, sauti tatu, na ya nne ni ya kuimba. Watengeneza filamu wakitaka "Afrika" huwa wanachukua nyuzi wakaacha mguu. Hilo linaniuma.

#15 Fundi_Kondele
Jaduong', nimetoka kufungua tena sauti ya kule Seme. Kweli nilikuwa nimeweka kinasa sauti karibu na nyuzi. Mguu unasikika kwa mbali sana. Sikulijua hilo mpaka leo. Nitakuja nikuone kabla ya kazi nyingine.

#16 Jaduong_wa_Nyuzi
Karibu. Weka kimoja chini, hatua moja kutoka kwenye kidole.

#17 Akinyi_Milimani
Kuhusu watengeneza filamu na "Afrika", nina neno la kumtetea mmoja. Black Panther ilipoonyeshwa hapa Kisumu Februari 2018, mji mzima ulikuwa mbioni kwa sababu ya Lupita wetu. Mimi nilichotoka nacho ni ngoma. Kila T'Challa, yule shujaa mwenyewe, akiingia kuna ngoma inayosema kama mtu, inapanda na kushuka. Mtunzi Mwafrika alitutendea haki.

#18 Msomaji_Egerton
Dada Akinyi, mtunzi ni Ludwig Göransson, Mswidi. Ila alisafiri Senegal akaongozana na Baaba Maal, na ngoma unayoisema ni tama, ile inayobanwa kwapani na kamba zake zikikazwa sauti inapanda. Wapigaji wenyewe ni wa kule. Adui wa T'Challa, Killmonger, alipewa filimbi ya Kifulani. Göransson alipata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019.

#19 Akinyi_Milimani
Asante kwa kunisahihisha. Basi kumbe mgeni anaweza, akiketi kwanza na wenyewe.

Na hiyo ya kila mhusika kuwa na ala yake si ngeni kwetu hata. Mkienda kwenye ohangla, ngoma yetu ya Kiluo, mtu akijipakua kwa pakruok, yaani majigambo ya kujisifu, mpigaji hubadilisha kidogo kwa ajili yake. Mjomba wangu akiingia, kabla hajatamka jina la kujisifu, tayari mkono wa mpigaji umemtambua. Sisi watoto tulijua mjomba amefika tukiwa bado jikoni.

#20 Mzee_wa_Freearea
Watu wa Kisumu, kila mada lazima muifikishe kwenye ohangla! Sisi Nakuru tunatazama filamu kimya kimya.

#21 Banda_la_Video
Mzee, kimya kipi? Wewe ni wale waliokuwa wananipigia kelele niongeze besi.

#22 Mama_Tunu
Hamjataja filamu za Nigeria na nashangaa. Zile za zamani wimbo unakuimbia hadithi nzima. Mke hajajua kwamba ameolewa na mtu mwenye mke mwingine, lakini wimbo umeshamtaja mke mwingine, na watoto wake, na hukumu. Mama mkwe wangu anazipenda kwa sababu hiyo hasa. Anasema anataka kujua mapema ili ajiandae kuumia. Nilikuwa nadhani ni ushamba wangu kuzipenda nami, lakini nikisoma ya nyanya wa Mwalimu naona ni njia ile ile. Ukishajua linani atakuja, hofu haipungui, inaongezeka.

#23 Kijana_wa_Reli
Turudi kwenye kutisha basi. Filamu ya Psycho, 1960. Mwongozaji Hitchcock alimwagiza mtunzi Bernard Herrmann amtengenezee zile fidla zinazopiga mayowe pale bafuni.

#24 Msomaji_Egerton
Kijana, leo utasahihishwa mara nne! Hitchcock alitaka bafuni pasiwe na muziki wowote. Herrmann akatunga hata hivyo, akamsikilizisha, na Hitchcock akabadili nia. Filamu nzima ni nyuzi tu, hakuna tarumbeta wala ngoma.

Na kwa nini zinatisha? Daniel Blumstein, mtafiti wa wanyama kule California, alikuwa anachunguza wanyama wadogo wa milimani wanaopiga mbinja kuonyana hatari. Alipowashika watoto wao walitoa ukelele uliopasuka, kama koo lililozidiwa. Mwaka 2010 yeye na wenzake wakasikiliza vipande vya filamu zaidi ya 100, wakakuta sauti za kupasuka namna hiyo zinatumika zaidi kwenye filamu za kutisha kuliko inavyotarajiwa. Hoja yake ni kwamba mtunzi anagusa mlango ule ule ambao mtoto wa mnyama anaugusa kwa mama yake.

#25 NyarDunga
Hiyo ya mtoto na mama imenigonga. Usiku wa homa nilikuwa nasikia pumzi za mtoto mgongoni muda wote. Labda sikulia kwa sababu masikio yangu yalikuwa kazini kwingine. Sijafikiria hilo kabla ya sasa.

#26 Chemutai_Njoro
Chamgei. Na ukimya je? Hitchcock huyo huyo alitengeneza The Birds mwaka 1963 bila muziki wa kawaida kabisa. Ni sauti za ndege tu, nyingine zimetengenezwa kwa mitambo. Nilipoitazama mara ya kwanza sikujua kwamba hakuna muziki. Nilijua tu kwamba sina pa kujishika. Muziki hata wa kutisha ni mtu anayekaa nawe: anakuambia sasa, bado kidogo, sasa. Ukiondolewa unabaki peke yako na ndege.

#27 Dada_wa_Section58
Nimesita kuandika lakini hii imenisukuma. Ndugu yangu mdogo ni kiziwi tangu kuzaliwa. Tunaishi naye hapa Nakuru, ana miaka 17, na anapenda filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Analia. Si kidogo. Kwa hiyo NyarDunga, mtu asiyewahi kusikia kinanda analia kwa kumtazama baba mlangoni.

Lakini nisiwape nusu ya habari. Yeye hukaa sakafuni, mgongo ukiegemea wufa, ile spika ya besi. Nilidhani ni kupenda sakafu. Siku moja stima ilipopotea na kurudi, wufa haikuwaka, runinga ikawaka peke yake. Alitazama dakika chache, akageuka, akaigusa kwa kiganja, akaniashiria kwamba filamu imekufa. Picha zilikuwa zinaendelea mbele yake.

Na kuna jambo jingine. Yeye husoma maandishi ya chini. Kuna pale wanapoandika kwenye mabano "muziki wa huzuni". Alipokuwa na miaka kama 12 aliniuliza kwa ishara: muziki wa huzuni ukoje? Nilijaribu. Nilimpapasa mkono polepole kutoka kwenye bega kushuka. Akasema hapana, hilo ni la kumbembeleza mtoto. Nikagonga kifua chake taratibu kwa ngumi. Akasema huo ni moyo. Mpaka leo hatujakubaliana. Akifika kwenye maandishi hayo hunitazama mimi usoni kwanza, kisha anarudi kwenye runinga.

#28 Fundi_Kondele
Dada, nimesoma mara mbili. Hapo kwa wufa sina la kusema, ila hapo kwa kukutazama usoni nimeelewa kitu kuhusu kazi yangu.

#29 Mpakani_Busia
Kwa hiyo wewe ndiye dijei wake.

#30 Dada_wa_Section58
Sijui. Wakati mwingine mimi silii na yeye analia.

#31 Mama_Tunu
Mwambie ndugu yako tunamsalimu. Na hiyo wufa ni aina gani, maana yangu inanguruma tu bila kueleweka.

#32 Banda_la_Video
Mama, kabla hujanunua nyingine iondoe kwenye kona, isogeze mbali na ukuta. Nusu ya kunguruma huwa ni ukuta. Nilipoteza pesa nyingi kabla ya kulijua hilo.

#33 Mwalimu_Khayega
Nimewasomea kidato cha tatu posti ya #27 asubuhi, bila jina la mtu. Niliwauliza swali la yule kijana: muziki wa huzuni ukoje, kwa asiyesikia? Msichana mmoja akasema ni kama kukaa kwenye matatu ambayo imeshajaa na haiondoki. Mwingine akakataa, akasema ni kama isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, inayopigwa kijiji cha pili, mlio haufiki, ila ukiweka mkono kwenye kikombe cha chai unaona chai inatetemeka. Wakabishana mpaka kengele.

#34 Jaduong_wa_Nyuzi
Huyo wa chai apewe nyatiti.

#35 NyarDunga
Wadau, mtoto amepona, asanteni mlioniuliza kwenye ujumbe wa faragha. Nimerudi na jaribio.

Dada yangu alikuja kulala Jumamosi. Hajawahi kuiona filamu ile. Nikazima sauti ya runinga, nikamwekea kipande cha mlangoni peke yake, na kwenye simu nikapiga benga iliyochangamka. Akatabasamu. Akasema huyu mzee ametoka kunywa na anaogopa mke. Nikarudia bila sauti yoyote. Akasema anasubiri kufunguliwa, kwani kuna nini? Nikafurahi, nikajua nimeshinda ubishi na nitakuja kuwaandikia.

Mara ya tatu nilitaka kumwekea kinanda chenyewe. Rimoti ikawa inasumbua, kipande kikaanza upya kikiwa bado kimya. Na mvua ikaanza. Mnajua mvua ya huku, haibishi hodi. Mabati yakalia nyumba nzima, hatukusikiana tena. Yule baba akasimama mlangoni, akapepesa macho, akatazama chini. Nilipogeuka dada yangu alikuwa ameshika mdomo kwa mkono. Baadaye nikamuuliza ameona nini safari hii. Akasema, "Amenyeshewa njia nzima." Kwenye filamu hakuna hata tone. Shati lake ni kavu.

#36 Jaduong_wa_Nyuzi
Koth biro.

#37 Fundi_Kondele
Dada NyarDunga, swali moja tu. Mvua ilianza kabla baba hajainua uso, au baada?

#38 NyarDunga
Kabla. Nadhani ni kabla. Ngoja nimuulize dada, yeye ndiye aliyekuwa anatazama.